Shajara ya mradi: mifano ya nyaraka ifungwe kwenye msimbo wenyewe

Maktaba yetu ni ndogo. Inachukua muda wa kompyuta na kuutamka Kiswahili: ukiipa 07:15 inakujibu "saa moja na robo asubuhi", ukiipa 05:45 inasema "saa kumi na mbili kasorobo alfajiri". Tunaiandika kwa Python, watu wawili, jioni na wikendi. Tovuti ya nyaraka inajengwa kwa MkDocs (zana inayogeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti) na mandhari ya Material. Humu naandika hatua za kazi moja tu: kuondoa mifano iliyobandikwa kwa mkono kwenye kurasa na kuifanya itoke kwenye mafaili yanayoendeshwa kweli. Anayetaka kuiga aige, ila asome na sehemu zilizoharibika. (Nasema "msimbo", sisemi "kodi" kama tunavyoita mtaani. Kodi ninayo nyingine ya kulipa na sitaki kuzichanganya.)

## 11 Januari 2025: Hesabu ya madeni

Jana mwanafunzi mmoja ametuandikia: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimefuata mfano wa kwanza kwenye nyaraka zenu neno kwa neno, unanipa TypeError. Nimekosea wapi?"

Hajakosea popote. Kwenye toleo 0.4 tulibadilisha jina la hoja `kipindi` (chaguo unaloipa maktaba unapoiita) likawa `na_kipindi`. Tukarekebisha msimbo, tukarekebisha majaribio, tukasahau ukurasa wa mwanzo. Umekaa miezi mitano ukidanganya kila anayeingia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kijana aliomba radhi kwa kosa letu. Ni wangapi walijiona wajinga wakafunga ukurasa bila kuandika chochote?

Leo nimechukua mifano yote 61 kutoka kurasa 23, nikaibandika mmoja mmoja kwenye faili tupu na kuiendesha. Imenichukua saa nne na nusu. Mifano 17 imegoma: 9 kwa sababu ya lile jina la hoja, 4 haina `import` (mstari unaoingiza maktaba), 3 inaendeshwa lakini jibu lililoandikwa chini yake si jibu linalotoka. Mmoja haujawahi kufanya kazi katika toleo lolote. Nimerudi nyuma kwenye historia yote ya Git (kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo), na ni mimi niliyeuandika.

## 12 Januari: Doctest, nusu siku imepotea

Nimeanza na kilicho karibu. Python ina `doctest` tangu toleo 2.1 la mwaka 2001: unaandika mfano kwa alama za `>>>`, chini yake unaweka jibu, nayo inaendesha na kulinganisha. Ukiwa na pytest (zana ya kuendesha majaribio) huhitaji hata kuhamisha mifano, unaielekeza tu kwenye kurasa:

```
pytest --doctest-glob="*.md"
```

Karibu kila mfano ukafeli, hata ile niliyojua ni mizima. Nimezunguka saa nzima kabla ya kusoma ripoti polepole. Doctest inahesabu kila kitu kilicho chini ya `>>>` kuwa ni jibu mpaka ikutane na mstari mtupu. Haijui Markdown, mtindo tunaoandikia kurasa. Kwa hiyo zile alama tatu za nukuu ya kinyume zinazofunga kisanduku cha msimbo ilizisoma kama sehemu ya jibu, ikalalamika kwamba hazikutoka. Dawa ni kuacha mstari mtupu kabla ya kufunga kisanduku. Nimeacha, na mifano ikapita.

Halafu nimeitupa njia yote. Wasomaji wetu wengi wanasoma kwa simu, wanashika maandishi kwa kidole, wanakopi, wanabandika. Wakibandika na `>>>` wanapata SyntaxError, na tumerudi kwa yule kijana wa juzi. Kwa maelezo ya ndani ya kazi (function) moja moja, yanayosomwa na mtu aliyekaa kwenye terminali, doctest bado naipenda. Kwa ukurasa wa anayeanza, hapana.

Gharama: nusu siku na bando la shilingi 2,000.

## 18 Januari: Namba za mistari

Material inakuja na kiendelezi kinachoitwa `pymdownx.snippets`. Ndani ya kisanduku cha msimbo unaandika jina la faili, na wakati wa kujenga tovuti maandishi ya faili hilo yanaingizwa pale. Unaweza kutaja mistari: `--8<-- "mifano/anza.py:4:9"` maana yake mstari wa 4 hadi wa 9.

Nimehamisha mifano 12 kwa njia hii asubuhi. Mchana mwenzangu ameongeza mistari miwili ya maelezo juu ya faili moja. Jioni ukurasa unaonyesha nusu ya chini ya kazi moja na nusu ya juu ya nyingine, kama picha iliyokatwa vibaya studio. Hakuna onyo lolote, kwa sababu mistari ya 4 hadi 9 bado ipo. Mwenzangu hana kosa. Mtu hawezi kukumbuka kwamba kuandika maelezo kwenye faili kunavunja ukurasa asioutazama.

Yote 12 nimeifuta. Usitumie namba za mistari hata kwa "muda tu".

## 19 Januari: Alama zenye majina

Kiendelezi hichohicho kinakubali alama ndani ya msimbo:

```python
# --8<-- [start:robo]
from datetime import datetime
from saa_yetu import kwa_maneno

print(kwa_maneno(datetime(2025, 1, 11, 7, 15)))
# --8<-- [end:robo]
```

Kwenye ukurasa unaandika:

````
```python
--8<-- "mifano/anza.py:robo"
```
````

Msimbo ukishuka au ukipanda, alama zinakwenda nao. Wazo hili si geni kwa zana nyingine za nyaraka. Asciidoctor ina `tag::`, mdBook ya Rust ina `ANCHOR:`, Sphinx ina `literalinclude` yenye `:start-after:` na `:end-before:`. Sphinx inanitia wivu kidogo, maana ina pia `:pyobject:`, unaitajia jina la kazi au darasa nayo inalitafuta yenyewe bila alama yoyote. Lakini kuhamisha kurasa 23 kutoka Markdown kwa ajili ya wivu sioni faida.

Mitego mitatu midogo, niiseme haraka. Kipande kilichotoka ndani ya kazi kinakuja na nafasi zake za pembeni, na anayekopi anapata IndentationError, washa `dedent_subsections`. Wakati wa `mkdocs serve`, ukibadilisha faili lililo nje ya folda ya `docs` ukurasa haujirudii, utadhani kazi yako haifanyi kitu. Ongeza folda hiyo kwenye `watch`. Na nilipoandika ukurasa wa wachangiaji unaoeleza alama hizi, kiendelezi kiliimeza mifano ya alama zenyewe, hata ndani ya kisanduku. Unaikwepa kwa kuweka nukta mkato mbele, `;--8<--`.

Nimehamisha mifano 31. Umeme umekatika saa mbili usiku, nimeishia hapo.

## 26 Januari: Kisanduku kitupu

Siku mbaya, nayo ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Jumatano nilibadilisha jina la `anza.py` likawa `mwanzo.py`. Majaribio yalipita, tovuti ilijengwa, ikapanda mtandaoni. Leo Jumapili nimefungua ukurasa wa kwanza nimwonyeshe mdogo wangu, na pale palipokuwa na mfano pana kisanduku cha kijivu kisicho na neno hata moja. Siku nne.

Nikifikiria, nakala iliyozeeka ilikuwa afadhali. Mfano wa zamani una kosa, lakini mtu anaweza kuona jina la kazi, akakisia, akauliza. Kisanduku kitupu hakimpi hata swali la kuuliza.

Sababu ni kwamba kiendelezi, kikikosa faili, kinanyamaza na kuendelea. Hivyo ndivyo kilivyo usipokigusa. Kuna swichi ya kukizuia na ilikuwa kwenye maelezo yake tangu mwanzo, sikusoma:

```yaml
watch:
  - mifano
markdown_extensions:
  - pymdownx.snippets:
      check_paths: true
      dedent_subsections: true
```

Kwa `check_paths: true`, faili lisipopatikana ujenzi unakufa kwa kelele. Alama ikikosekana ndani ya faili, vilevile. Nimejaribu yote mawili kwa makusudi kabla ya kulala, kwa kufuta faili na kuharibu jina la alama. Tangu leo hiyo ni kanuni yangu: kila ulinzi ninaouweka nauvunja mwenyewe kwanza nione kama unapiga kelele.

## 2 Februari: Kuiendesha mifano

Hadi wiki iliyopita nilichokuwa nacho ni kwamba ukurasa unaonyesha faili lililopo. Kama faili lenyewe ni bovu, ukurasa unaonyesha ubovu uleule kwa uaminifu mkubwa.

Nimefuata mtindo ambao FastAPI (maktaba nyingine ya Python) wanao kwenye ripo yao, yaani hifadhi ya msimbo wao: mifano ya nyaraka inakaa kwenye folda yake, nayo ina majaribio kama msimbo mwingine. Kwetu kila mfano ni programu kamili ndani ya `mifano/`, na pembeni yake kuna faili la `.txt` lenye jibu linalotarajiwa. Ukurasa unavuta yote mawili, msimbo na jibu. Jaribio ni moja kwa yote:

```python
import runpy
from pathlib import Path

import pytest

MIFANO = sorted(Path("mifano").glob("*.py"))


@pytest.mark.parametrize("faili", MIFANO, ids=lambda f: f.name)
def test_mfano(faili, capsys):
    runpy.run_path(str(faili), run_name="__main__")
    tarajio = faili.with_suffix(".txt").read_text(encoding="utf-8")
    assert capsys.readouterr().out == tarajio
```

Wanaotumia lugha nyingine wana wepesi zaidi. Go ina kazi zinazoanza na `Example`, unaandika `// Output:` chini na `go test` inalinganisha. Rust inaendesha mifano iliyo ndani ya maelezo ya msimbo kila unapoita `cargo test`. Sisi tumejishonea wenyewe mistari 13.

Kwenye laptopu yangu mifano yote imepita. Nimepushi (nimeupeleka msimbo GitHub, tunakouhifadhi mtandaoni), nikaenda kuoga.

## 3 Februari: Saa ya seva

Nimerudi nikakuta mfano mmoja umefeli kwenye GitHub Actions (seva za GitHub zinazotuendeshea majaribio), na kwangu unapita. Nikauendesha tena kwangu, unapita. Wenyewe ni huu:

```python
muda = datetime.fromtimestamp(1735704000)
print(kwa_maneno(muda))
```

Jibu linalotarajiwa: saa moja asubuhi. Seva inasema: saa kumi alfajiri.

Maktaba ya saa, na bado nimeanguka kwenye saa. `fromtimestamp` bila eneo inatumia saa ya mashine ilipo. Laptopu yangu iko kwenye saa za Afrika Mashariki, seva iko UTC, tofauti ni saa tatu kamili. Mfano huu haukuwa sahihi hata siku moja kwa mtu aliye nje ya ukanda wetu. Ulionekana sahihi kwa sababu sisi wawili tunaishi humu. Mtanzania aliyeko Muscat angepata saa mbili asubuhi, akadhani maktaba haijui kuhesabu.

```python
eneo = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
muda = datetime.fromtimestamp(1735704000, eneo)
```

Mwenzangu, ambaye anatumia Windows, akapata kosa jipya papo hapo: `ZoneInfoNotFoundError`. Windows haina hifadhidata ya maeneo ya saa ambayo Python inaitafuta, inabidi kusakinisha paketi ya `tzdata`. Hilo nalo limeingia kwenye ukurasa wa usakinishaji, na bila kazi hii tusingelijua mpaka mtu atuandikie "samahani kwa usumbufu".

Mifano minne iliyokuwa na `datetime.now()` nimeibadilisha yote ikapewa tarehe maalumu. Jibu linalobadilika kila dakika halina faili la `.txt` la kulilinganisha nalo.

## 9 Februari: Taa ya kijani isiyo na kitu

Mifano imekuwa mingi, nikaigawa kwenye folda ndogo: `mifano/mwanzo/`, `mifano/tarehe/`, na kadhalika. Nikarekebisha njia kwenye kurasa (hapa `check_paths` ilinibana vizuri, makosa sita yote iliyataja). Majaribio: kijani. Na yamekwenda haraka ajabu.

Haraka hiyo ndiyo iliyonishtua. `glob("*.py")` haishuki kwenye folda za ndani. Orodha ilikuwa tupu, na pytest ikikuta `parametrize` yenye orodha tupu haifeli, inaandika `1 skipped` na kupita. Kisanduku kitupu cha Januari kimenirudia kwa nguo nyingine.

Nimeweka `rglob`, ambayo inashuka, na kwenye faili la mipangilio, `pyproject.toml`:

```toml
[tool.pytest.ini_options]
empty_parameter_set_mark = "fail_at_collect"
```

Nikaivunja kwa makusudi kwa kubadilisha jina la folda. Imepiga kelele.

Gharama hadi leo: kama saa 26 zangu, 9 za mwenzangu, na bando la takriban shilingi 15,000. GitHub Actions haijatutoza, ripo yetu ni ya wazi.

## 15 Februari: Faili zima, ukurasa mbovu

Hili sikulitegemea. Mfano umefungwa na faili, faili linaendeshwa, jibu linalingana, na bado msomaji akikopi anapata NameError.

Nilihitaji `timedelta` kwenye mfano mmoja. Mkono umezoea kupandisha `import` juu kabisa ya faili, basi nikaiweka mstari wa kwanza, juu ya alama ya `start`. Faili kwa ujumla wake ni zima. Kipande kinachoonekana kwenye ukurasa hakina `import` hiyo. Jaribio linaendesha faili, msomaji anaendesha kipande, na hivyo ni vitu viwili.

Nilifikiria kuandika jaribio linalokata vipande kwa alama na kuviendesha kimoja kimoja. Nimeandika nusu, nikaona nimeanza kujenga upya kiendelezi ambacho tayari ninacho. Nikachagua njia ya kivivu: kwa kawaida ukurasa unavuta faili zima, bila alama yoyote. Mafaili yetu mengi hayazidi mistari 10, hakuna cha kuficha. Alama zimebaki kwenye kurasa mbili tu zinazojenga programu moja hatua kwa hatua, na kisanduku cha kwanza cha kila ukurasa kati ya hizo lazima kibebe `import` zote. Kazi ya Januari 19 nimeifuta karibu yote. Haikuniuma kama nilivyotegemea.

## 23 Februari: Mifano isiyofaa kufungwa

Mingine haitaki. Ukurasa wa kuhama kutoka 0.3 unaonyesha msimbo wa zamani ambao *lazima* ugome leo. Amri za `pip install` si Python. Kuna vipande vya mstari mmoja katikati ya aya ambavyo vikigeuzwa kuwa programu kamili vinamchosha msomaji.

Ukurasa wa makosa ulinisumbua zaidi. Nataka kuonyesha kwamba `kwa_maneno("saa moja")` inatoa ValueError. Kuifunga kwa `try` na `except` kunamfundisha msomaji tabia nisiyoitaka. Nimeuweka mstari huo ndani ya jaribio lenye `pytest.raises`, alama zikauzunguka mstari wenyewe tu. Msomaji anauona peke yake, na mashine inahakikisha kosa bado ni lilelile.

Kwa iliyobaki nimeandika skripti ndogo inayopitia kurasa zote. Kisanduku cha `python` kisicho na `--8<--` ndani yake, na kisicho na `<!-- mkono: sababu -->` juu yake, kinafelisha ujenzi. Sababu lazima iandikwe. Kati ya mifano 61, 6 ilikuwa marudio nikaifuta, 47 imefungwa, 8 imebaki ya mkono. Nikitaka kubadilisha jina la kitu naanza kwa kutafuta neno `mkono`, na nina vituo 8 vya kukagua kwa macho badala ya 61.

Jambo la pembeni: nyaraka zetu ziko Kiswahili na Kiingereza, na sasa lugha zote mbili zinavuta faili moja. Maelezo ya Kiswahili yaliyokuwa ndani ya msimbo yalianza kuonekana kwenye ukurasa wa Kiingereza. Tumeyatoa kwenye msimbo na kuyapeleka kwenye aya. Mwenzangu analalamika kwamba mifano imekuwa mikavu, na kusema kweli hajakosea.

## 12 Aprili: Toleo 0.6, na README

Ramadhani yote nilifungua laptopu mara mbili. Baada ya Idi tumerudi kwenye 0.6, na tumebadilisha jina la hoja nyingine, kama lile lililomtesa mwanafunzi. Safari hii mifano 11 ilifeli kwenye laptopu kabla sijapushi chochote. Kuirekebisha kumenichukua dakika 20. Nimemwandikia yule kijana, amejibu kwamba siku hizi anatumia JavaScript.

Kilichobaki ni README, faili la kuutambulisha mradi. GitHub na PyPI (ghala la maktaba za Python) haziijui `--8<--`, zinaionyesha kama ilivyo, kwa hiyo mfano wa README bado umebandikwa kwa mkono. Nao ndio unaosomwa zaidi. Kibaya zaidi, maelezo ya PyPI hayarekebishwi baada ya toleo kupanda. Ukikosea, kosa linakaa pale mpaka utoe toleo jingine.

Kwa sasa kuna jaribio linalosoma README, linatoa kisanduku cha kwanza cha Python na kukilinganisha herufi kwa herufi na `mifano/mwanzo/robo.py`. Vikitofautiana, linafeli na kuchapisha tofauti, mimi nakopi kwa mkono. Mwenzangu anataka skripti iiandike README yenyewe. Tumeanza kuibishania Alhamisi, hatujamaliza.